Lawama za Mashabiki na Swali la Mwenye Timu

Katika vitabu vya utamaduni tumezoea kuhakiki ushairi, hadithi, ngoma na michezo ya kuigiza. Kandanda tumeiachia magazeti, na maneno ya mashabiki tumeyaachia upepo. Hata hivyo, ni vigumu kutaja fani ya maneno inayosikika kwa wingi zaidi mijini mwetu siku ya Jumatatu kuliko lawama za watu ambao timu yao imefungwa Jumapili. Makala haya yanakusudia kuzihakiki lawama hizo kama tunavyohakiki fani nyingine yoyote: kuisikiliza lugha yake, kuchunguza chimbuko lake, kisha kusema bila woga ni wapi zinafaulu na ni wapi zinashindwa. Rai yangu ni kwamba zinashindwa mahali pamoja pakubwa. Humwandama kocha, ambaye ni mtu wa kuajiriwa, na kumpita pembeni mwenye timu, ambaye ndiye mwenye kauli.

Nimeuchagua mji wa Tunduma uwe mahali pa kusimama tunapoyatazama mambo haya. Tunduma ni mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, mkoa ulioundwa mwaka 2016 kwa kuumega Mkoa wa Mbeya na kuwekewa makao makuu yake Vwawa. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam na reli ya TAZARA hupita hapo kuingia Zambia. Ng'ambo ni Nakonde, na tangu mwaka 2019 forodha za nchi hizi mbili zina kituo cha pamoja. Malori ya kwenda Lusaka na Lubumbashi hupanga foleni. Madereva, wapagazi, wabadilisha fedha na wachuuzi kutoka kila pembe ya nchi hukutana na Wanyamwanga na Wanyiha walio wenyeji wa sehemu zile. Kila mtu huja na timu yake. Wako wa Simba na wako wa Yanga, kama ilivyo kila mahali Tanzania. Wako wanaozifuata timu za Mbeya kwa sababu hadi juzi Mbeya ilikuwa mkoa wao. Na wako ambao masikio yao yameelekea Zambia.

Mtu wa Tunduma anayetaka kuiona kwa macho Ligi Kuu ikichezwa katika Uwanja wa Sokoine, Mbeya, hana budi kusafiri zaidi ya kilomita 100. Wengi hawasafiri. Hulipa kiingilio katika kibanda cha televisheni, wakabanana kwenye mabenchi, au husikiliza redio wakiendelea na kazi. Shabiki wa namna hii, mara nyingi, hana kadi ya uanachama, hana hisa, hana kura katika mkutano mkuu. Alicho nacho ni kinywa chake. Ndiyo maana Tunduma ni mahali pazuri pa kuichunguza lawama: hapa imevuliwa kila kitu kingine, yamebaki maneno matupu.

Tuanze basi na maneno yenyewe. Mwalimu wa Kiswahili atakayeketi kibandani baada ya timu kufungwa atasikia jambo ambalo vitabu vya sarufi havijalitilia maanani. Shabiki husema, "Tumefungwa." Husema pia, "Tulikosa penalti," "Tulibanwa kipindi cha pili," "Hatuna beki." Kila kilichotokea uwanjani hukibeba kwa nafsi ya kwanza wingi, ijapokuwa yeye hakuugusa mpira. Lakini mazungumzo yakihamia nje ya uwanja, nafsi hugeuka ghafula: "Wamemuuza mshambuliaji," "Wamemleta kocha asiyejua kitu," "Wamechelewesha mishahara." Mchezo ni wetu, maamuzi ni yao. Kipigo tunakipokea sisi, usajili wanaufanya wao. Katika badiliko hilo la kiambishi kimoja umo mgogoro wote ninaotaka kuueleza, nao shabiki ameueleza kwa usahihi kabla ya mhakiki yeyote, pasipo kujua kwamba ameueleza.

Ajabu ni kwamba hao "wao" hawatajwi. Lawama ikishaanza hutafuta mtu mwenye sura, na mwenye sura ni kocha. Yeye ndiye asimamaye kando ya mstari, yeye ndiye picha yake huonyeshwa kila bao linapoingia, yeye ndiye husimamishwa mbele ya waandishi wa habari aeleze. Basi hulaumiwa kwa kikosi alichokipanga, kisha kwa mchezaji aliyemtoa, kisha kwa yule ambaye hakumtoa. Akiwa mzawa husemwa kwamba hana upeo. Akiwa mgeni husemwa kwamba hawajui wachezaji wetu. Hoja zikikauka huja tuhuma ya hujuma: mlinda mlango ameuza mchezo, au kamati ya ufundi haikufanya kazi yake. (Msomaji mgeni asidhani kwamba kamati hiyo hushughulika na mbinu za mpira. Katika lugha ya viwanjani ni jina la heshima la watu wanaoshughulika na uganga, na nadhani ni moja ya tafsida zilizofanikiwa zaidi katika Kiswahili cha zama hizi.)

Mbona mwenye timu hapatikani katika maneno haya? Sababu moja imo katika majina tunayomwita. Kwa miaka mingi mtu aliyetoa fedha klabuni aliitwa mfadhili. Neno hilo latokana na fadhila, na fadhila haidaiwi. Aliyepewa hushukuru, na akihoji huonekana hana adabu. Baadaye tukapata mdhamini, mwenye dhamana, yaani mtu wa mkataba: atatoa kiasi fulani, jina la bidhaa yake litawekwa kifuani mwa mchezaji. Huyu angalau anaweza kuulizwa mkataba unasemaje. Kisha akaja mwekezaji, naye hutarajia mali yake irudi na faida. Wa mwisho ni mmiliki, ambaye chake ni chake. Maneno haya manne yanataja mahusiano manne yaliyo mbali kabisa, lakini kibandani huchanganywa kana kwamba ni visawe, na mara nyingi humezwa na neno moja la mitaani: tajiri. Tajiri akisajili vizuri huimbwa. Akikosea hunyamaziwa, kwa hofu kwamba akinuna ataondoka na fedha zake, na kocha hutolewa kafara.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Klabu zetu kongwe zilizaliwa katika jamii iliyokwisha kujua namna ya kuunda vyama vya mashindano. Beni, ngoma iliyoanzia pwani na kuenea bara hasa wakati wa Vita Kuu ya kwanza, ilikuwa na pande zake, Marini na Arinoti, zenye vyeo, viongozi, michango na mashindano makali ya mavazi na ustadi. Aliyeshabikia upande alikuwa wa upande huo: alichanga, alicheza, na aliweza kumkemea kiongozi wake mbele ya wenzake. Yanga ilipoanzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936, ziliurithi moyo huo wa uanachama. Ugomvi wa wanachama ulikuwa mkubwa, tena wakati mwingine uliziumiza klabu. Pan African ilizaliwa mwaka 1976 kutokana na mfarakano ndani ya Yanga, nayo ikaja kuwa bingwa wa nchi mwaka 1982. Sisemi kwamba enzi ile ilikuwa ya amani. Nasema kwamba mtu mwenye uchungu alikuwa na mlango wa kugonga, na asiporidhika aliweza kutoka na wenzake wakaanzisha klabu yao.

Tutazame sasa mfano ambao kila shabiki wa Tunduma, wa upande wowote, anaukumbuka. Tarehe 5 Novemba 2023 Simba ilifungwa na Yanga mabao 5 kwa 1. Kabla ya siku ile Simba haikuwa imepoteza mchezo wowote wa ligi katika msimu ule. Siku mbili baadaye kocha Roberto Oliveira, Mbrazili aliyejulikana zaidi kama Robertinho, aliondolewa. Akaja Abdelhak Benchikha kutoka Algeria, akaondoka kabla msimu haujaisha. Kisha Julai 2024 akaja Fadlu Davids wa Afrika Kusini, naye akaondoka Septemba 2025. Yanga ikautwaa ubingwa wa 2024, na wa 2025 pia. Ikiwa dawa ya ugonjwa ilikuwa kumbadili kocha, basi mgonjwa alipewa dawa nyingi.

Wakati huohuo swali zito lilikuwa mahali pengine. Desemba 2017 Mohammed Dewji alitangazwa kuwa mshindi wa zabuni ya uwekezaji katika Simba kwa ahadi ya shilingi bilioni 20, chini ya utaratibu wa mwekezaji kuwa na hisa 49 kwa mia na wanachama 51. Juu ya karatasi, wanachama ndio wengi. Lakini Juni 2024, msimu ulipokwisha kwa majonzi, watu walitazama zaidi ni nani wa upande wa mwekezaji anajiuzulu kutoka katika bodi, na kama mwekezaji mwenyewe atarudi kwenye uenyekiti. Alirudi. Wenye sehemu kubwa walikaa wakisubiri taarifa kutoka kwa mwenye sehemu ndogo. Simsemi vibaya mtu aliyetoa mali yake. Nasema tu kwamba asilimia 51 ambazo mwenyewe hazijui matumizi yake haziwezi kumsaidia siku ya kilio.

Yanga nayo ilipitia bonde lake. Yusuf Manji alipojiuzulu uenyekiti mwaka 2017 klabu ilibaki na upungufu mkubwa wa fedha, na ikafika mahali pa kuchangisha, jambo ambalo watani wake waliliita kutembeza bakuli. Kocha Mwinyi Zahera akawa mstari wa mbele katika kuhimiza michango. Wapinzani walicheka sana. Mimi naona kwamba ule ulikuwa wakati mmoja wa nadra ambapo "wao" walilazimika kurudi kwa "sisi" na kuomba. Aliyechanga shilingi elfu moja alijiona ana haki ya kuuliza elfu yake imekwenda wapi, nayo lawama yake ilikuwa na uzito ambao kelele za kibandani hazina. Zahera mwenyewe, baada ya jasho lote lile, aliondolewa Novemba 2019. Kocha ni kocha hata akiwa ndiye aliyeshika bakuli.

Lakini Simba na Yanga ni miti mikubwa. Haing'olewi ikapandwa penginepo. Hasara halisi huzipata timu ndogo, nazo ziko karibu na Tunduma kuliko Dar es Salaam. Nyanda za Juu Kusini zina historia ya kandanda ambayo vijana wa Songwe hawafundishwi ipasavyo. Tukuyu Stars ya Rungwe ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 1986, ajabu ambayo wazee bado huisimulia. Tanzania Prisons ni ya Jeshi la Magereza, na mwenye timu wa namna hiyo ana faida yake: mishahara haitegemei moyo wa mtu mmoja. Ana na ukomo wake pia, kwa kuwa shabiki hawezi kuliuliza jeshi kama anavyomuuliza diwani. Msimu wa 2020/21 Prisons ilitumia Uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga. Mtu wa Mbeya aliyeipenda alipaswa kuifuata hadi Rukwa, kwa barabara ipitayo Tunduma.

Mbeya City ilikuwa ya namna nyingine. Ilianzishwa mwaka 2011 chini ya Halmashauri ya Jiji, ikapanda Ligi Kuu mwaka 2013, na katika msimu wake wa kwanza, ikifundishwa na Juma Mwambusi, ikashika nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Mashabiki wake waliovalia zambarau walisafiri kwa mabasi kuifuata, na pengo waliloliziba halikuwa la mpira peke yake: kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu watu wa kusini magharibi walikuwa na jibu walipoulizwa, "Wewe ni Simba au Yanga?" Kisha timu ikashuka kiwango, makocha wakapishana, akiwamo Kinnah Phiri kutoka Malawi, na mwaka 2023 ikashuka daraja baada ya kushindwa na Mashujaa ya Kigoma katika mchujo. Humo mote lawama ziliwaendea makocha. Nionavyo, zilikosea anwani. Timu ya halmashauri ni mali ya umma. Bajeti yake ni jambo la baraza la madiwani, na diwani huchaguliwa kwa kura. Mashabiki wa Mbeya City walikuwa na kitu ambacho wa Simba wangekionea wivu, mwenye timu anayeweza kuondolewa kwa kura, lakini walishughulika zaidi na nani acheze namba tisa. Hata hivyo timu haikuhamishwa. Mwaka 2025 ilipanda tena, ikarudi ikiwa na jina lilelile na watu walewale.

Ihefu haikuwa na bahati hiyo. Jina lenyewe ni la ardhioevu ya Usangu, wilayani Mbarali, nchi ya mpunga, ambako maji ya Ruaha Mkuu hupita. Timu iliyobeba jina hilo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020, ikashuka, ikapanda tena mwaka 2022. Tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja wa Highland Estates, Ubaruku, iliifunga Yanga mabao 2 kwa 1 na kuukata mfululizo wa michezo 49 ya ligi ambayo Yanga haikuwa imefungwa. Oktoba 2023, katika uwanja uleule na kwa mabao yaleyale, ikaifunga tena. Wakulima wa Ubaruku waliyaona kwa macho yao mambo ambayo watu wa miji mikubwa waliyasikia redioni. Msimu huohuo wa 2023/24, kabla haujafika mwisho, timu iliuhama uwanja ule ikaenda kuchezea Singida; na katikati ya mwaka 2024 hata jina la Ihefu likaondolewa, ikaitwa Singida Black Stars.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Waliosema hivyo walikuwa wakifikiria ngoma, ambapo mchezaji na mtunzaji ni wa kijiji kimoja. Hawakupata kuona ngoma nzima ikibebwa pamoja na jina lake, wacheza ngoma na nafasi yake katika mashindano, na watazamaji wakaachwa uwanjani wamesimama. Kwa shabiki asiye na hisa hapakuwa na mahali pa kupigia kura. Wala tusiwabeze watu wa Singida walioipokea. Wao pia walikwisha kuonja jambo hilohilo: timu iliyoitwa Singida Big Stars, kisha Singida Fountain Gate, iliondoka kwao, na leo jina la Fountain Gate lina makao Babati. Furaha yao ni ya kweli, ila iko juu ya sakafu ya kukodi.

Shabiki wa Tunduma akitaka mfano wa nje hana haja ya kwenda Ulaya. Avuke barabara tu. Katika Ukanda wa Shaba wa Zambia klabu kubwa zililelewa na migodi. Nkana ya Kitwe ilifika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1990, na jirani yake Power Dynamos ikalichukua Kombe la Washindi mwaka 1991, heshima ambayo klabu za Tanzania hazijaifikia. Serikali ilipoibinafsisha migodi kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, baadhi ya wenye migodi wapya hawakuona sababu ya kulea timu kama zamani, na klabu zilizokuwa tishio zikadhoofika. Makocha walilaumiwa kule pia. Lakini kocha hakuuza mgodi.

Yafaa hapa niwe mkali kidogo kwa mashabiki, kwa kuwa mpaka sasa nimewatetea. Lawama zao nyingi ni za uvivu. Husahau haraka mno: aliyeimbwa Aprili hutukanwa Mei, na mwimbaji haoni haja ya kueleza kilichobadilika. Huchanganya hoja na matusi, hivi kwamba kiongozi aliyekosea hupata kisingizio cha kutosikiliza. Huwatisha vijana wa miaka 20 waliokosa bao kana kwamba wameiba. Na tuhuma za kuuza mchezo hutolewa bila ushahidi wowote, na watu ambao wao wenyewe wangekasirika kuitwa wezi sokoni. Fani ya malumbano katika ushairi wetu ina adabu yake: mtu hujibu hoja aliyopewa, kwa bahari na vina alivyopewa, na asiyeweza hunyamaza. Lawama ya mpira bado haijapata adabu hiyo, ingawa ina ufasaha mwingi kuliko tunavyodhani.

Wapo watakaosema kwamba shabiki asiye na kadi hana haki ya kudai chochote, kwa sababu mali ni ya mwenye mali. Sikubaliani nao. Mdhamini hulipa ili jina lake lionekane na nani, ikiwa si na mtu wa kibandani pale Tunduma? Televisheni hununua haki za kuonyesha ligi kwa sababu yeye atatazama. Thamani inayouzwa kwa jina la timu imefanyizwa na mapenzi yake. Mwenye ng'ombe hawezi kudai kwamba malisho hayamhusu. Haki hii haijaandikwa katika sheria, lakini ndiyo inayompa shabiki ujasiri wa kusema "tu" anapoizungumzia timu ambayo hakuisajili.

Siku moja huenda mtu atakuja na timu katika Mkoa wa Songwe, ataipa jina la mlima au mto, na uwanja utajaa. Itakuwa vema siku hiyo waulize mapema, wakati nyimbo zinaimbwa bado: leseni iko kwa jina la nani, je, jina la timu laweza kuuzwa, na ikiwa itahamishwa ni nani lazima aulizwe kwanza. Kwa walimu napendekeza zoezi jepesi la somo la Kiswahili. Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu sentensi hii: "Tumeshuka daraja kwa sababu wamemleta kocha mbovu." Mwambie aonyeshe nafsi katika vitenzi viwili, jambo ambalo atalifanya kwa dakika moja. Kisha mwambie ataje, kwa majina na vyeo, kila mtu aliyemo katika kiambishi "wa," na mwachie kipindi kizima.